Chagua Betri Kabla ya Mashine

Mtu anayetafuta mashine ya betri ya kukatia nyasi mara nyingi huanza kwa kutazama upana wa kisu, rangi ya bodi na zile namba kubwa za volti zilizobandikwa ubavuni, kisha huuliza ipi ni bora. Mimi ningependa aanze na kile kipande kizito kinachochomekwa juu yake. Mashine yenyewe ni mota, kisu, magurudumu na bodi, na fundi mzuri anaweza kuvitengeneza vyote hivyo. Betri ndiyo inayoamua utakata kwa muda gani, utaweza nyasi za namna gani, na hata miaka mitano ijayo ukihitaji drili au msumeno utanunua wa kampuni ipi. Gharama nayo imejificha humo. Kifaa kilekile kikiuzwa kitupu, bila betri wala chaja, bei yake huporomoka kiasi cha kukushangaza.

Sababu ni kwamba kila kampuni huipa betri yake mdomo wake. Betri ya Makita haiingii kwenye DeWalt, na ya DeWalt haiingii kwenye Milwaukee. Ukinunua kifaa cha kwanza umeshaingia kwenye ukoo wa betri, na kila kifaa kinachofuata utakipata kwa nafuu ukibaki humo. Baya zaidi, ndani ya kampuni moja kunaweza kuwa na koo mbili au tatu zisizoingiliana. Makita wana betri za volti 18 ziitwazo LXT na nyingine kubwa zaidi ziitwazo XGT. Ya huku haichomeki kule. Ryobi wana ukoo wa volti 18 na mwingine wa volti 40. Kwa hiyo mtu anayekwambia "nunua tu kampuni ileile" hajakusaidia mpaka akutajie na aina ya betri.

Ziko habari njema pia. Ryobi wameshikilia umbo moja la betri za ONE+, yaani za ule ukoo wao wa volti 18, tangu mwaka 1996, na huo ni uaminifu ambao kwangu una thamani kuliko tangazo lolote. Mwaka 2018 Metabo waliongoza umoja wa kampuni zinazotumia betri ya aina moja, unaoitwa CAS, na kuna umoja mwingine kama huo, Power for All, wenye Bosch na Gardena ndani yake. Natamani kampuni zote zifuate njia hiyo. Mnunuzi hapati faida yoyote kwa kuwa na chaja nne ukutani zinazofanya kazi moja.

Sasa namba. Volti peke yake haikwambii chochote kuhusu muda. Ampea-saa peke yake, zile zinazoandikwa Ah, nazo hazikwambii. Zidisha moja kwa nyingine upate wati-saa, ambazo ndizo kiasi halisi cha nishati kilichomo. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 5 ina wati-saa 90. Ya volti 36 yenye ampea-saa 2.5 nayo ina wati-saa 90. Ya kwanza inaonekana kubwa kwa Ah, ya pili inaonekana kubwa kwa volti, na nishati ni ileile. Betri nyingi zina wati-saa zilizoandikwa kwa herufi ndogo upande wa chini, Wh. Igeuze usome hapo. Ni namba moja unayoweza kulinganisha nayo kampuni zote bila kudanganyika.

Kuna na hili la volti 18 na volti 20, ambalo limewachanganya wengi. Seli moja ya lithiamu, yaani kibetri kimoja kati ya vile vidogo vinavyopangwa ndani ya betri za vifaa hivi, hufanya kazi kwenye volti 3.6 hivi, lakini ikitoka kwenye chaja huwa juu kidogo ya 4. Panga seli tano mfululizo: kazini ni volti 18, ikiwa imejaa kabisa ni 20 na ushee. DeWalt huiuza betri ya namna hiyo Marekani kama volti 20 na Ulaya kama volti 18. Vivyo hivyo mashine ya "volti 40" kwa kawaida ni ya seli kumi, yaani 36 kazini. Ukikutana na muuzaji anayekuambia 20 ina nguvu kuliko 18, msikilize kwa heshima kisha usome wati-saa.

Volti nyingi zina kazi yake ya kweli, ila si ile inayotangazwa. Wati ni volti mara ampea. Kisu kinachohitaji wati 720 kitavuta ampea 40 kutoka betri ya volti 18, na ampea 20 tu kutoka betri ya volti 36. Joto linalopotea kwenye waya na viungio hukua kwa mraba wa ampea, kwa hiyo kwenye waya uleule, kupunguza ampea nusu hushusha joto hilo hadi robo. Ndiyo maana mashine za kukata nyasi ziko kwenye volti 36, 56, hata 80, ilhali drili imetosheka na 18 miaka yote hii. Kampuni nyingine zimepita katikati: mashine inabeba betri mbili za volti 18 zilizounganishwa mfululizo kupata 36. Suluhisho hilo nalipenda, maana betri zilezile zinarudi kwenye drili kazi ya nyasi ikiisha.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi sana ni idadi ya seli ndani ya pakiti. Betri mbili za volti 18 zinaweza kuwa na seli tano au kumi. Yenye kumi zimepangwa mbili mbili sambamba, kila jozi inagawana mzigo, na hivyo seli haichoki upesi. Chomeka hiyo ya pili kwenye grenda au msumeno wa duara na utahisi kifaa kimepata nguvu mpya, kwa sababu volti hazishuki sana kisu kinapokutana na ugumu. Ukubwa wa seli nao una maana. Zile za zamani zaidi ni za aina ya 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Nyingi za siku hizi ni 21700, nene na ndefu zaidi. Pakiti iliyo nyembamba na nyepesi ni nzuri kwa kufunga skrubu juu ya ngazi. Kwa nyasi, chukua ile nene.

Tuje kwenye nyasi zenyewe, maana hapa ndipo hesabu inapookoa fedha. Chukua mashine yenye kisu cha upana wa sentimita 40. Ukitembea mwendo wa taratibu, mita moja kwa sekunde, kwa dakika moja umepita mita 60, yaani mita za mraba 24. Toa sehemu ambayo mstari unaingia juu ya mstari uliotangulia, toa kugeuka kila mwisho wa uwanja, toa kumwaga mfuko. Inabaki kama mita za mraba 15 hadi 18 kwa dakika. Sasa sema mashine inakula wastani wa wati 600 kwenye nyasi za kawaida. Betri ya wati-saa 250 itakupa dakika 25, na kwa dakika hizo utakata mita za mraba 375 hadi 450. Betri ya wati-saa 90 itakupa dakika 9, sawa na mita za mraba 150 hivi. Pima uwanja wako kwa hatua, ondoa nyumba na vitanda vya maua, ulinganishe. Ile "hadi mita za mraba 600" iliyoandikwa kwenye boksi imepimwa katika hali nzuri kuliko utakayokutana nayo, kwa hiyo mimi hununua uwezo unaozidi uwanja kwa theluthi moja. Betri huzeeka, na baada ya miaka kadhaa ile ziada ndiyo utakayokuwa unaitumia.

Nyasi ndefu na mbichi huvuruga hesabu yote hii. Mashine inaweza kuvuta mara mbili ya wati za kawaida, kisu kikapunguza kasi, mota ikapata joto, na ubongo wa betri ukakata umeme ili kujilinda. Watu husema mashine mbovu. Haina ubovu, imepewa kazi iliyopaswa kufanywa kwa awamu. Kanuni ya bustani isemayo usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kwa wakati mmoja ilikuwepo kwa ajili ya afya ya nyasi, nayo inalingana sawasawa na uwezo wa betri. Nyasi zikikushinda, inua bodi juu kabisa, kata mara ya kwanza, ziache siku chache, kisha shusha. Subiri umande ukauke. Na kisu kinolewe! Kisu butu hupasua badala ya kukata, ncha za nyasi hugeuka kahawia, na kila wati-saa inayopotea kwenye kupasua ni mita za mraba ulizonyimwa. Kwenye mashine ya petroli kisu butu unaweza usikigundue kwa msimu mzima kwa sababu injini husukuma tu. Betri hukuambia mapema.

Mfumo wa kujiendesha, ule unaozungusha magurudumu ya nyuma, unafaa sana kwenye mteremko na kwa mwenye mgongo unaouma, ila unakula sehemu ya betri. Kwenye uwanja mdogo ulio tambarare mashine ya betri ni nyepesi kiasi kwamba kuisukuma kwa mkono si kazi. Bodi ya plastiki ngumu haishiki kutu na hupunguza uzito. Ya chuma huvumilia mawe. Sina upande hapo.

Vifaa vingine vya bustani vina tabia tofauti kabisa na havistahili kupimwa kwa kipimo kimoja. Mashine ya kufyeka kwa uzi hutumia umeme kwa vipande, unabonyeza na kuachia, kwa hiyo hata betri ya kati humaliza kingo za uwanja mzima. Msumeno wa mnyororo nao ni hivyo: unakata, unasimama, unasogeza tawi, unakata tena. Kwa kupogoa matawi na kukata miti iliyoanguka, wa betri unatosha watu wengi sana, tena hauna kamba ya kuvuta ukiwa umechoka. Kumbuka tu bado unataka mafuta ya mnyororo, na utavujisha kidogo ukiwekwa kwa ubavu. Mlafi wa kweli ni mashine ya kupuliza majani. Hiyo haipumziki. Ikivuta wati 800 mfululizo, betri ya wati-saa 250 imekwisha kabla ya dakika 20, na kwa sauti yake utadhani kazi nyingi imefanyika. Reki bado ni chombo kizuri.

Ndiyo maana sikubaliani na ushauri kwamba lazima kila kitu kiwe cha ukoo mmoja. Drili, mashine ya kufungia skrubu, msumeno mdogo, taa: hivi vinataka wepesi, na ukoo wa volti 18 umevihudumia vyema. Kuvibebesha betri kubwa ya uwanjani ni kujitesa mkono. Koo mbili, mmoja wa mkononi na mmoja wa uwanjani, ni mpango wenye akili ikiwa uwanja wako ni mkubwa. Tatu ni vurugu.

Kwa vifaa vya mkononi kuna maneno mawili ya kuuliza dukani: mota ina kaboni au haina? Mota ya kizamani hupeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka kwa vipande vya kaboni vinavyosuguana nayo. Vinalika, vinatoa cheche, vinapoteza nishati kuwa joto. Mota isiyo na kaboni huweka sumaku kwenye sehemu inayozunguka na kuacha kidhibiti cha kielektroniki kibadilishe umeme kwenye koili zilizotulia. Betri ileile inadumu zaidi na kifaa kinaishi miaka mingi zaidi. Kwa drili ya kutundikia picha mara mbili kwa mwaka, yenye kaboni inatosha na usione haya. Kwa chochote kitakachofanya kazi ya kutoa jasho, lipia tofauti.

Inanifurahisha kufikiria tumetoka wapi. Edwin Budding alibuni mashine ya kwanza ya kukata nyasi huko Gloucestershire, Uingereza, na kupata hataza yake mwaka 1830. Ilisukumwa kwa misuli tu. Black & Decker walitoa drili ya kwanza isiyo na waya mwaka 1961, ikitumia seli za nikeli na kadimiamu ambazo zilikuwa nzito kwa nishati ndogo zilizobeba. Sony waliuza betri ya kwanza ya lithiamu-ioni, ile aina ya lithiamu inayochajiwa tuliyo nayo leo, mwaka 1991, kwa ajili ya vifaa vidogo vya elektroniki, na Milwaukee wakaipeleka kwa mafundi mwaka 2005 kwenye vifaa vyao vya volti 28. Wanasayansi watatu walioweka msingi wa betri hiyo, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Kila ninapoona mtu mzima akikata nyasi zake mwenyewe kwa sababu hakuna tena kamba ya kuvuta wala dumu la kubeba, naona tuzo ile ilikwenda panapostahili.

Petroli, hata hivyo, ina nguvu zake na lazima tuseme kweli. Lita moja ina takribani wati-saa 9,000. Injini ndogo hupoteza sehemu kubwa ya hizo kama joto, lakini hata ukitoa hasara hiyo, lita moja bado hufanya kazi ya betri kadhaa kubwa, na kujaza tangi ni suala la dakika moja. Anayekata nyasi kwa kutwa nzima, uwanja baada ya uwanja, mbali na umeme, ana sababu ya kubaki na injini, au ajiandae kununua betri nyingi. Piga hesabu, hata penye umeme na kila betri ikiwa na chaja yake: ikiwa betri inadumu dakika 25 na chaja inahitaji saa nzima, betri mbili zitakusimamisha. Hata tatu zitakusimamisha kidogo. Zinatakiwa nne.

Kwa sisi wengine mizani imeshainama. Injini ya petroli ya mashine ya nyasi hupiga kelele kama desibeli 90 sikioni mwa anayeisukuma. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri mwisho uwe 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu; kwa 91 umebakiwa na saa mbili. Moshi nao ni mbaya kuliko udogo wa injini unavyodokeza. Mamlaka ya hewa ya California imekadiria kwamba kuendesha mashine ya petroli ya kukata nyasi kwa saa moja hutoa vichafuzi vinavyosababisha ukungu wa moshi sawa na gari dogo likienda maili 300, yaani kilomita 480 hivi. Kwa mashine ya kupuliza majani ya kibiashara makadirio ni maili 1,100. Jimbo hilo lilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuziondoa sokoni injini mpya ndogo za aina hii, na jiji la Washington, D.C. likapiga marufuku zile za kupuliza majani kuanzia mwaka 2022. Anayevuta moshi huo kwanza ni aliyeshika mpini.

Ukishanunua, betri itunze. Joto ndilo adui mkubwa: usiiache kwenye gari lililofungwa juani, na ikitoka kazini ikiwa ya moto iache ipoe kabla ya kuichaji. Usiichaji kwenye baridi ya chini ya sifuri, kwa sababu lithiamu hujipaka ndani ya seli kama metali na uharibifu huo haurudi nyuma. Ule ushauri wa zamani wa kuimaliza kabisa kabla ya kuichaji ulikuwa wa betri za nikeli. Lithiamu haitaki hivyo. Ikikaa miezi bila kazi, iache ikiwa na nusu hivi, mahali pakavu penye ubaridi. Iliyovimba au iliyopasuka usiijaribu tena, na iliyokufa usiitupe kwenye taka za nyumbani, maana ikibanwa huko inaweza kuwaka. Ziba ncha zake za chuma zinazopitisha umeme kwa utepe, uipeleke panapokusanywa betri.

Betri bandia zenye umbo la zile za asili zinavutia kwa bei, na hapa sina upole. Rahisi ghali. Ndani yake unaweza kukuta seli dhaifu au zilizokwishatumika, na ulinzi wa joto haupo. Ampea-saa zilizoandikwa nje ni ahadi isiyo na mwenyewe. Kitu kinachoweza kuwaka moto usiku kikiwa kwenye chaja hakina bei nafuu.

Na kabla ya kugusa kisu, chomoa betri. Kila mara. Sheria ya Marekani tangu mwaka 1982 inataka kisu cha mashine ya kusukuma kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya kuachia mpini, na mashine nyingi za betri zina ufunguo wa usalama, lakini mashine ya umeme ikisimama huwa kimya kabisa, na ukimya huo humfanya mtu aingize mkono kwenye nyasi zilizoganda chini ya bodi akidhani imezimwa. Kuchomoa ni kitendo cha sekunde moja.

Ukinisukuma niseme ningenunua nini: kwa uwanja wa chini ya mita za mraba 200 na betri za volti 18 tayari nyumbani, ningechukua mashine inayobeba mbili za hizo, tupu, bila kununua nyingine. Kwa uwanja wa mita za mraba 300 hadi 800 ningeanza ukoo wa pili wa volti 36 au zaidi, betri ya wati-saa 250 kwenda juu, na ya akiba moja kama uwanja unakaribia huo mwisho wa juu. Kwa ukubwa unaozidi hapo ningefikiria ile ya kupanda na kuendesha, au ningebaki na petroli kwa sasa. Na kokote nitakakonunua, ningeuliza kwanza kama betri yake inauzwa peke yake, na kama kisu cha akiba kipo rafuni siku hiyohiyo.